Kiti cha Dirishani

Wapo watu wanaolipa nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, wanapewa kiti cha dirishani bila hata kukiomba, wanakaa, wanashusha kifuniko, wanalala. Sina ugomvi na usingizi wa mtu. Huenda alikesha na mgonjwa, huenda ametoka zamu ya usiku. Lakini mzima wa afya anayekoroma huku nje kunapita Usambara, Upare, Bonde la Pangani na mlima mrefu kuliko yote Afrika, huyo namweka fungu moja na mtu aliyealikwa pilau akatoa mkate mfukoni akala.

Wengine hawalali, ila wanaona haya. Kuchungulia dirishani, wanadhani, ni mambo ya watoto na ya wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza. Msafiri mzoefu hufungua kompyuta mapajani akakunja uso. Mimi naona kinyume chake. Anayepanda kwa mara ya kwanza hutazama kidogo, yakija mawingu anachoka. Mzoefu ndiye mwenye cha kutazama, kwa sababu kuitazama nchi kutoka juu ni ufundi. Una maandalizi yake, una wababaishaji wake, na wapo watu wanaolipwa mshahara kwa ajili yake, ambao nitawafikia.

Ufundi unaanza siku ya kukata tiketi. Anayetoka Dar kwenda uwanja wa KIA na akataka kuona milima, akae kulia, maana ndege kwa kawaida hupita magharibi ya Usambara na Upare. Anayetoka Dar kwenda Nairobi akae kushoto, maana njia yake hupanda juu ya Usambara yenyewe na kuuacha Mlima Kilimanjaro upande wa magharibi. Mlima ni mmoja, mji wa kuondokea ni mmoja, pande ni mbili. Aliyekariri "kulia" tu kwa sababu safari iliyopita ilimfaa, siku ya Nairobi atatazama nyika ya Tsavo, ambayo nayo si haba, wakati wenzake wa kushoto wanagombea kupiga picha. Wakati wa kurudi geuza kila kitu.

Halafu kuna jua. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi zaidi asubuhi. Kadiri mchana unavyosogea mawingu hupanda kutoka msituni yakaufunga mlima, na saa nane unaweza kupita karibu yake usijue kama upo. Kwa hiyo safari ya mapema. Ila anayekwenda KIA asubuhi akiwa amekaa kulia anatazama upande uleule jua linakotokea, na mlima unamjia ukiwa na weusi wa kivuli. Wa Nairobi jua liko mgongoni kwake, linaupiga mlima usoni, na barafu yote inang'aa. Inauma kidogo kwa Mtanzania kukiri kwamba saa za asubuhi mlima wetu unapendeza zaidi kwa mtu anayekwenda Kenya. Ndivyo ulivyo.

Aina ya ndege nayo ina maneno yake. Watu wengi hushukuru wakipangiwa jeti, mimi hushukuru nikiona pangaboi. Bombardier Q400 na ATR 72 zina mabawa juu ya madirisha, si chini yake, kwa hiyo hakuna bawa linalokuziba ardhi. Ubaya wake ni safu zinazokaa sambamba na injini: hapo utatazama chuma na panga zinazozunguka safari nzima, ingawa kwenye Bombardier kuna faida ndogo, kwamba wakati wa kutua utaona mlango wa chini ya injini ukifunguka na magurudumu yakinyooka mbele ya macho yako. Wapo wasiopenda kuona hivyo. Kwenye jeti kaa mbele ya bawa, au nenda nyuma kabisa, lakini ukiwa nyuma jua kwamba hewa ya moto ya injini itaitikisa ardhi kama inavyotikisika juu ya lami ya mchana. Tena pangaboi hairuki juu sana. Kikomo chake ni kama mita 7,600. Kilele cha Kibo ni mita 5,895. Ukifanya hesabu utaona kwamba kwa dakika chache mlima si kitu cha chini yako, ni jirani.

Dirisha lenyewe ni dogo kuliko tunavyotaka na pembe zake ni za mviringo, na sababu ni ya haki. Ndege ya Comet ya Uingereza, jeti ya kwanza ya abiria, ilianza safari zake za kibiashara Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa kituo kimojawapo. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani. Wachunguzi walichukua kiwiliwili cha Comet nyingine, wakakizamisha katika tangi la maji, wakakitia na kukitoa shinikizo mara kwa mara hadi chuma kikachanika, na mpasuko ukaanzia kwenye pembe ya dirisha. Tangu hapo wabunifu wa ndege wamekuwa makini sana na pembe za matundu. Viringo unavyoviona ukiegemeza paji la uso vilinunuliwa kwa bei hiyo. Kile kitundu kidogo kilicho chini ya kioo nacho hakikutobolewa na mtoto mtundu wa safari iliyopita: kinasawazisha hewa kati ya tabaka za dirisha na kupunguza ukungu. Hewa ya nje ikiwa baridi sana, vipande vya barafu hujichora kukizunguka, na kwa anayevuka jangwa usiku hiyo ndiyo picha pekee atakayopewa.

Lakini kuchagua kiti ni nusu ndogo ya kazi. Dirisha la ndege halifundishi mtu, linamtahini. Linakuonyesha nchi bila majina, bila vibao, bila kondakta wa kuita vituo, kisha linangoja uonyeshe unachokijua.

Niliwahi kuketi kiti cha kati, safari ya KIA, na dirishani alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kuzika au kuoa?"

Nikamwambia nakwenda kazini tu. Akaniangalia kwa huruma kidogo, kisha akarudi kwenye kioo chake. Alikuwa dereva wa malori aliyeijua barabara ya Dar na Arusha kuliko alivyoujua mkono wake, na watoto wake ndio waliomkatia tiketi. Tulipofika juu ya bonde akaanza kusoma. Ule ukuta wa bluu kule ni Usambara. "Pale milima inapokatika, ndiyo Mkomazi. Ikianza tena, hiyo Upare. Sasa ngoja ipumue mara ya pili, hapo pana Same." Ikapumua, na Same ikawa pale, mabati yake yakimetameta mguuni pa mlima. Hakuwa anaona mji. Kwa umbali ule mimi niliona vumbi tu na mng'ao. Alikuwa anahesabu kona. Alijua palipo na mteremko, palipo na mizani, palipo na mama ntilie aliyemdai.

Kisha yakatokea maji marefu, yenye rangi ya chai ya maziwa pembeni na kijani katikati. "Nyumba ya Mungu," akasema. "Perege wa hapo nimewabeba sana." Halafu akanyamaza, akasogeza uso. Bwawa lile, ambalo kwa mtu wa barabarani ni jina na harufu ya samaki tu, lilikuwa linaendelea. "Kumbe refu hivi!" Miaka yote ya usukani hakuwahi kuliona kichwa na mkia kwa pamoja. Mtihani ule ulikuwa na swali moja asilolijua, na furaha yake juu ya swali hilo ilizidi furaha yake juu ya yale aliyoyapata.

Ndiyo maana huwa nasema mtu aanze na miguu. Aliyepanda basi usiku kucha kwenye njia hii ana mtaji ambao mtalii mwenye kamera ya bei kali hana. Nami nina desturi ya kutazama ramani jioni kabla ya safari, si ya simu inayokutangazia "upo hapa," ila ya karatasi, nikikariri mito kwa mpangilio: Ruvu, Wami, Pangani. Simu sina chuki nayo, ila kamera yake hupenda mikwaruzo ya plastiki kuliko mlima.

Ukishakuwa na majina, unaanza kusoma mambo mengine. Mabati mapya hung'aa, ya zamani huwa na rangi ya kutu, kwa hiyo ndege ikiinuka juu ya Dar es Salaam unaweza kujua mtaa upi ni wa juzi na upi una wajukuu. Kariakoo utaitambua kwa mitaa yake iliyonyooka, Manzese kwa vichochoro visivyonyooka kabisa. Baada ya mvua kubwa za masika, Msimbazi huingia baharini na rangi yake ya kahawia, na ulimi huo wa matope unaonekana ukinyooka ndani ya bluu. Nenda kusini hadi Rufiji uone jambo lilelile kwa kipimo cha nchi nzima: udongo wa nyanda za juu, ambao mkulima fulani hatauona tena shambani kwake, ukielekea Mafia.

Huwa tunaambiwa kwamba ukiwa juu huoni mipaka, dunia yote ni moja. Maneno matamu, lakini aliyeyasema hakutazama vizuri. Ukiwa juu mipaka ndiyo inayoonekana kuliko kitu chochote. Tazama ubavu wa Kilimanjaro: vihamba vya migomba na kahawa vinapanda, vinapanda, kisha vinakoma ghafla, na msitu wa hifadhi unaanza kama umekatwa kwa kisu. Tazama mashamba ya mkonge ya Tanga, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke, na kando yake vishamba vya mahindi vyenye kila umbo. Mistari hiyo ina sheria ndani yake, ina kesi, ina watu waliohamishwa. Mpaka wa Kenya na Tanzania wenyewe, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, hauna alama kubwa nyikani, hilo kweli. Lakini ua wa tajiri unaonekana toka mita elfu saba.

Wala kutazama nchi hii kutoka hewani hakukuanza kwa starehe. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaingia delta ya Rufiji ikajificha nyuma ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakaleta ndege, na mwaka uliofuata wakaruka kutoka kisiwa cha Mafia, rubani na mtazamaji pamoja naye, mtazamaji akituma ishara kuwaambia wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey makombora yao yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha. Jicho lililokaa juu ya mikoko lilifanya kazi ambayo meli hazikuweza miezi na miezi.

Kiti hichohicho cha mtazamaji ndicho kilichozaa mafundi ninaowaheshimu kuliko wote. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama. Nyumbu walipata karibu 100,000. Januari 1959 ndege ile, Michael akiwa peke yake, iligongana na tai ikaanguka. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Kazi haikufa. Baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwenye mifugo, nyumbu waliongezeka hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na ongezeko hilo lisingejulikana kama hapangekuwa na watu wa kukaa dirishani mwaka baada ya mwaka wakihesabu.

Wanavyofanya ni hivi. Ndege ndogo huruka chini sana, kama mita 100 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba. Kwenye nguzo ya bawa, kila upande, hufungwa vijiti viwili. Mtazamaji wa kiti cha nyuma anahesabu tu wanyama wanaopita kati ya vijiti hivyo. Aliye nje ya vijiti, hata akiwa tembo mwenye pembe za kugusa chini, hahesabiwi. Kwenye kioo hubandikwa utepe, ili jicho lisipande wala kushuka, maana ukijinyoosha kidogo tu kitini, upana wa ardhi unayoihesabu umebadilika na hesabu yote imeharibika. Kabla ya kuanza huruka juu ya alama zilizopimwa uwanjani, kuhakikisha kwamba kati ya vijiti mna upana uliokusudiwa. Kundi likiwa kubwa hulipiga picha, likahesabiwe mezani. Mike Norton-Griffiths aliandika mwongozo wa kazi hii, Counting Animals, na toleo lake la 1978 ni kijitabu kikavu chenye hesabu nyingi, ambacho mimi hukisoma kama wengine wanavyosoma mashairi.

Ninachokipenda kwa watu hawa ni unyenyekevu wa jicho lao. Wanajua kwamba mtu huona pungufu. Mnyama aliye chini ya mwavuli wa mgunga hukosekana, jicho huchoka baada ya saa mbili, na jua likiwa upande mmoja mtazamaji wa upande huo hupata wachache kuliko mwenzake. Yote hayo wanayaweka kwenye hesabu. Na hesabu yao ndiyo iliyotuambia kwamba tembo wa Tanzania, waliokuwa takribani 109,000 mwaka 2009, walikuwa wamebaki kama 43,000 mwaka 2014. Nchi ilijua imeibiwa kiasi gani kwa sababu watu fulani walikaa dirishani wakiwa macho.

Sisi abiria hatudaiwi hesabu. Hata hivyo kuna jambo moja la kuiga kwao: kurudia. Mlima wa Kibo ni mfano. Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameuona ukiwa na theluji mwaka 1848, mabingwa wa jiografia walioketi London walimkatalia, wakaona haiwezekani karibu na mstari wa ikweta. Leo anayepita juu anaweza kutaka ubishi wa aina nyingine. Barafu iliyokuwepo 1912, zaidi ya robo tatu yake imekwisha. Kilichobaki si kofia nyeupe ya kwenye chupa za maji; ni mapande yaliyotengana, yenye kuta wima, yamekaa ukingoni mwa kreta kana kwamba yamesahauliwa pale, na katikati unaona miviringo ya majivu, mmoja ndani ya mwingine, hadi shimo la ndani kabisa. Aliyeuona mara moja anasema ni mzuri, na ni mzuri. Aliyeutazama kwa miaka anajua pande lipi limepungua.

Upande wa pili Meru huwa inasahaulika, na si haki. Ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani sana, kwa hiyo kutoka angani inaonekana imefunguka kuelekea Kilimanjaro, na ndani yake kumeota koni ya majivu iliyokamilika. Rubani husema kwenye kipaza sauti, "Upande wa kulia mnaweza kuuona Mlima Kilimanjaro," abiria huinuka, simu hutoka. Meru hakuna anayeitangaza.

Na mawingu yakifunga? Hapo ndipo mbabaishaji hushusha kifuniko. Ukiwa upande usio na jua, tafuta kivuli cha ndege yenu juu ya wingu. Mara nyingi kitakuwa kimezungukwa na pete ya rangi, nyekundu nje na bluu ndani, kazi ya matone madogo ya maji yanayoirudisha nuru ilikotoka. Kitovu cha pete kiko mahali ulipokaa wewe: abiria wa mbele anaiona pete mbele, wa nyuma anaiona nyuma. Sijui starehe nyingine ya ndegeni iliyogawa haki kiasi hicho.

Safari za usiku nilizidharau muda mrefu, mpaka nilipoanza kwenda Mwanza. Ziwa Victoria lina tabia ya kubadilishana zamu na nchi kavu: mchana ngurumo hujikusanya juu ya ardhi, usiku hujikusanya juu ya maji, na kutoka dirishani unaona mawingu ya radi yakiwaka kwa ndani, moja baada ya jingine, kimya kabisa kwa sababu ya injini. Ndege ikianza kushuka utaona taa chini, nyingi, zimepangana. Abiria wengi hudhani ni mji, wanaanza kuvaa viatu. Mji bado. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa, kila mtumbwi na taa zake za kuwavuta samaki, na kazi yao ni ya usiku wa giza, maana mbalamwezi ikitoka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo anayetaka kuziona, kabla ya kulipia tiketi ya jioni ya Mwanza, aangalie kalenda ya mwezi, achague siku za mwezi mwandamo, na aepuke kabisa juma la mwezi mpevu.